Mshenga Aliyetumwa Bila Shangazi

Nchi ninayotaka kukusimulia si yako, kwa hiyo usianze kuchungulia dirishani. Ni nchi nyingine kabisa. Ina bendera, ina wimbo, ina barabara moja nzuri inayotoka nyumbani kwa Rais kwenda uwanja wa ndege, na ina bunge ambalo paa lake halivuji. Ukikutana humu na kitu kinachofanana na cha kwenu, basi ni bahati mbaya tu, na tusameheane.

Mimi natoka jimbo la Idundu ya Kati Pembeni. Tume ya Mipaka ilitupa jina hilo baada ya kutukatakata kila uchaguzi mpaka yenyewe ikasahau tulikuwa upande gani. Kwetu ni mlimani. Asubuhi ukungu unashuka hadi kwenye vizingiti vya milango, kuku wanapotea uani na kurudi wenyewe jua likipanda, na viazi mviringo vinaota bila kubembelezwa. Zaidi ya viazi hatukuwa na cha kujivunia, isipokuwa mbunge wetu.

Mheshimiwa Ezekia Mwandobo alikuwa na rekodi safi ya kura kuliko wabunge wote wa nchi hii. Tangu tumchague, alikuwa hajawahi kusema Siyo. Uliletwa muswada wa kuondoa madaraja yote ili wananchi wasianguke kutoka juu yake, akasema Ndiyo. Ukaletwa mwingine wa kumtoza ushuru kila anayevuka daraja, akasema Ndiyo. Bunge lilipoipongeza serikali kwa mvua alisema Ndiyo, na lilipoilaani mvua ileile kwa mafuriko alisema Ndiyo kwa sauti ya huzuni kidogo. Siku moja Spika aliuliza kama kuna mtu aliyeiona miwani yake. Mheshimiwa akasema Ndiyo, wenzake wakagonga meza, na hoja ikapita.

Kila mwaka redio ya taifa ilisoma rekodi za wabunge wote, na jina letu lilikuwa la kwanza. Siku hiyo tulichinja mbuzi. Watoto waliruhusiwa kutokwenda shule, ingawa mwalimu mwenyewe alikuwa hajaonekana tangu masika. Hakuna aliyejua zile Ndiyo zilikuwa za nini. Tulijua tu kwamba ni zetu.

*

Inabidi nieleze tulivyompata, maana hapo ndipo tulipokosea, na ni kosa ambalo watu wa Idundu peke yao wangeweza kulifanya.

Kwetu posa haipelekwi na mtu mmoja. Anakwenda mshenga, na nyuma yake, kwenye kigoda kifupi, anakaa shangazi wa bwana harusi. Kazi ya mshenga ni kukubali. Baba wa binti akitaka zizi zima la ng'ombe, mshenga anasema ndiyo. Akitaka mkwe aje kumlimia mpaka mgongo upinde, mshenga anasema ndiyo, tena kwa tabasamu. Mwanamume aliyetumwa ugenini hana ruhusa ya kukataa mbele ya wakwe, huo ni utovu wa adabu. Akishamaliza kukubali yote, shangazi anakohoa, anajifunga kanga yake upya, anasema, "Hapana, hilo siyo." Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Hakuna anayenuna, kwa sababu kila mtu anajua kwamba ndiyo ya mshenga haihesabiwi mpaka shangazi akae kimya.

Ezekia alikuwa mshenga bora katika mlima mzima. Alikuwa na sauti nene yenye joto, na alijua kuinamisha kichwa. Familia zilipigania kumtuma. Nyuma yake alikaa shangazi yake, Bi Ngabagila, kwani hata familia zenye mashangazi wao zilimwomba yeye. Ndiye aliyemlea Ezekia tangu wazazi wake walipofariki, na wazazi hao wamezikwa nyuma ya nyumba ya Bi Ngabagila, mahali ambapo shamba lake la viazi linaanzia. Wawili hao walituozea vijana wetu vizuri. Mimi mwenyewe mke wangu nilipata kwa ndiyo ya Ezekia na siyo ya shangazi yake, na ng'ombe wangu wengine wakabaki zizini.

Basi serikali ilipotuambia tuchague mtu wa kutusemea mbele ya wakubwa, hatukuumiza kichwa. Tulimnunulia Ezekia koti, tukampandisha basi, tukaimba mpaka likapotelea kwenye ukungu. Shangazi yake alibaki akipalilia viazi. Hakuna aliyeona kuwa kuna kitu tumekisahau.

*

Miaka ikapita kwa amani na mbuzi. Halafu siku moja likaja gari lenye kipaza sauti, na ndani yake alikuwa Dokta Temaleki, Mkurugenzi wa Ukungu katika Wizara ya Hali Nzuri ya Hewa. Alisimama juu ya gari kwa sababu matope hayakuwa na hadhi yake.

"Ndugu wananchi," alisema, "ukungu huu mnaouona, na nasikitika kwamba mmekuwa mkiuona bila kibali, ni mali ya taifa. Wageni wetu kutoka ng'ambo wameununua. Hawauchukui. Wanaulipia ukae hapahapa. Katika historia ya biashara duniani haijawahi kutokea mnunuzi akalipa na mzigo ukabaki kwa muuzaji. Sharti lao ni moja tu, usiguswe. Na utafiti wa wizara umethibitisha kwamba ukungu unachafuliwa na moshi wa majiko, na pumzi za ng'ombe, na watu wanaopita ndani yake bila sababu ya maana."

Mwenyekiti wetu wa kijiji, Bwana Asangwile, alinyoosha mkono. "Mheshimiwa Dokta, sasa sisi tupite wapi?"

"Swali zuri sana. Serikali imewaandalia Kambi ya Matumaini ya Kudumu, kule Bonde la Magadi, ambako hakuna ukungu wa kuwasumbua hata kidogo."

"Kule hata nyasi hazioti."

"Kwa hiyo hamtapata shida ya kufyeka," alisema Dokta Temaleki. Halafu akatutuliza. Hii ni nchi ya demokrasia. Muswada wa Kulinda Ukungu ulikuwa bado haujapita. Ungekwenda bungeni mwisho wa mwezi, na huko tulikuwa na mbunge wetu. Kama hatukuupenda, mbunge wetu angeukataa. Alisema hivyo akiwa ameshageuza uso, na dereva wake alikuwa anacheka.

Tangu siku hiyo hakuna aliyekaa akatulia. Ulikuwa msimu wa kupanda. Mbegu za viazi zilikuwa zimeshachipua kwenye vikapu, machipukizi yakirefuka kila siku, na hakuna aliyejua apande au asipande. Ukipanda unaweza kuwa unamlimia mgeni ukungu wake. Usipopanda na muswada ukianguka, utakula nini? Watu waliamka, wakabeba majembe, wakarudi nayo. Wanaume walianzisha mikutano na kuivunja kabla haijafunguliwa. Mimi nilinyoa ndevu asubuhi, na mchana nikajikuta nimeshika wembe tena. Bi Ngabagila alikwenda shambani na kikapu, akachimba shimo moja, akalitazama, akalifukia tupu.

"Mnahangaika nini?" alituuliza jioni moja, ingawa yeye mwenyewe alikuwa anaongea huku anatembea. "Mtoto nimemlea mimi. Hawezi kuliuza kaburi la baba yake. Mpigieni simu."

Tulipanda hadi kwenye jiwe ambako mtandao unapatikana. Mwenyekiti alipiga, akasema shangazi yake anamtaka, akaweka sauti kubwa ili wote tusikie na kumpa Bi Ngabagila simu.

"Shikamoo shangazi," sauti ya Ezekia ilisema, nene na yenye joto kama zamani.

"Marahaba, mwanangu. Umezisikia hizi habari za ukungu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Utaukataa huo muswada?"

"Ndiyo."

Watu walirusha kofia. Wengine walianza kuteremka kwenda kupanda. Lakini Bwana Asangwile, ambaye aliwahi kuuza ng'ombe mnadani na kwa hiyo hamwamini mtu, aliichukua simu na kuuliza kwa upole, "Mheshimiwa, na kuukubali je, utaukubali?"

"Ndiyo," alisema Ezekia.

Tulibaki tumesimama pale juu ya jiwe. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu. Bi Ngabagila alikaa chini polepole, akashika kichwa, na mimi nikaogopa kwa sababu sijawahi kumwona akishika kichwa.

"Kosa si lake," alisema hatimaye. "Ni letu. Tulimtuma mshenga bila shangazi. Miaka yote hii amekuwa akikubali kule peke yake, na hakuna mtu wa kukohoa." Akainuka. "Nileteeni kigoda changu."

*

Nilichaguliwa kumsindikiza kwa sababu nilikuwa na viatu. Tulifika mji mkuu tukiwa tumevunjika viuno, na moja kwa moja tukaenda kwenye lango la bunge, Bi Ngabagila akiwa na kanga yake nzuri na kigoda kwapani.

"Hicho ni nini?" aliuliza mlinzi.

"Kiti."

"Bunge lina viti, mama."

"Hivyo ni vya kukubalia," alisema Bi Ngabagila.

Mlinzi alikwenda kumuuliza mkubwa wake, na mkubwa akamuuliza mkubwa wake, na jibu liliporudi lilisema kwamba kigoda ni samani ya upinzani, kibaki langoni. Shangazi yeye aliruhusiwa, kwa kuwa hakuna kanuni inayowataja mashangazi.

Mheshimiwa alitukuta kwenye korido. Alikuwa amenenepa, lakini alipomwona shangazi yake alipiga goti palepale kwenye zulia, na macho yakamjaa machozi. Nataka niliseme hili wazi, maana wengi siku hizi wanamsimulia vibaya. Alifurahi kwelikweli. Alimshika mikono, akamuuliza habari za mguu wake mbovu, za jirani, za ng'ombe mwekundu.

"Ezekia," alisema shangazi, "kesho sema Siyo. Mara moja tu. Halafu rudi kwenye ndiyo zako, sisi hatutakusumbua tena."

Alitazama huku na huku. "Shangazi, kule ndani hakuna kitufe."

"Kitufe gani?"

"Tunapiga kura kwa mashine. Zamani kila meza ilikuwa na vitufe viwili. Mwaka wa kubana matumizi wakaona cha Siyo hakijaguswa muda mrefu, kinaliwa na kutu bure. Wakaking'oa. Sasa kipo kimoja. Ukikibonyeza kinasema Ndiyo, na usipokibonyeza mashine inakusaidia."

"Na mdomo? Nao wameung'oa?"

Ezekia alimvuta mpaka kwenye kona, nami nikafuata. "Mbunge wa Mtokeni alisema Siyo," alinong'ona. "Mara moja tu, kama unavyotaka. Walianza na barabara yake, wakaiviringisha wakaipeleka jimbo jingine. Wakafuata zahanati. Sasa Mtokeni ni bwawa, shangazi. Watalii wanavua samaki juu ya soko. Mimi kila nikisema Ndiyo nawafikiria nyinyi."

"Nasi tukiihama nyumba tutakufikiria wewe," alisema Bi Ngabagila. "Hebu sema. Siyo. Sema tu, hakuna anayesikia."

Alifungua mdomo. Jasho lilimtoka. Mbunge mmoja aliyekuwa akipita aliona umbo la midomo yake, akageuka na kukimbia. Ezekia alifunga mdomo, akaufungua tena, na kilichotoka kilikuwa kikohozi kidogo. Tulimwacha akijifuta uso kwa tai.

*

Siku ya muswada tulikaa juu, kwenye viti vya wageni, chini ya kibao kilichosema: MGENI UNARUHUSIWA KUPIGA MAKOFI. Dokta Temaleki alikuwa amekaa mbele yetu akila karanga.

Spika aliingia, wote wakasimama. Waziri wa Hali Nzuri ya Hewa alizungumza kwa muda mrefu kuhusu ukungu, akiuita dhahabu inayoelea, nguo ya ndani ya taifa, na pumzi ya mababu. Alisema wananchi wa Idundu wameupokea muswada kwa machozi ya furaha, na alisikia kwa masikio yake mwenyewe. Wabunge waligonga meza. Mmoja aliomba aongezewe muda wa kugonga, akakubaliwa.

"Waheshimiwa," Spika alisema, "sasa nitawahoji, kama taratibu zetu tukufu za kidemokrasia zinavyotaka. Wanaoafiki wabonyeze. Wasioafiki nao wabonyeze, ili wasijisikie kuachwa."

Bi Ngabagila alikohoa. Alisimama, akajifunga kanga yake upya bila haraka, akasema kwa sauti iliyowahi kunusuru mazizi ya mlima mzima, "Hapana, hilo siyo."

Ukumbi uliganda. Wazee kadhaa waliinama chini ya meza zao. Wabunge vijana, ambao hawakuwahi kulisikia neno hilo humo ndani, walikuwa wanaulizana ni lugha gani. Na Mheshimiwa Ezekia Mwandobo aliinua macho akamtazama shangazi yake. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe. Nilimwona akiutoa. Niliona kwa macho yangu kidole kikiinuka na kurudi kwenye goti, nami nikashika kiti cha Dokta Temaleki.

Spika alikuwa anapekua kitabu cha kanuni. Alikohoa naye. "Kwa mujibu wa kanuni," alisema, "sauti ya mgeni inayotanguliwa na kikohozi itahesabiwa kuwa makofi yaliyotolewa kwa njia ya koo. Bunge linamshukuru mama kwa kutuunga mkono."

Mashine ikalia, ikaanza kusoma majimbo. Ilipofika kwetu ilisema, "Idundu ya Kati Pembeni, Ndiyo." Ezekia alikuwa hajagusa kitu. Angeweza kusimama akasema ni uongo. Mdomo wake ulifunguka, tukaona meno. Kisha akaufunga na kuinamisha kichwa vizuri, kama alivyokuwa akifanya mbele ya wakwe, na redio ya taifa jioni ile ikatangaza kwamba rekodi yake haijapata doa.

*

Malori yalikuja mapema kabla hatujakubaliana tujifiche wapi. Ukungu ulikuwa mzito, mawili yakapotea, na Dokta Temaleki alisikika akiutukana ukungu wa taifa kwa maneno ambayo wageni wa ng'ambo wasingeyapenda. Alikuwa amekuja na askari, vijana wa kubeba mizigo, na Mheshimiwa. Serikali ilimtuma Mheshimiwa kwa sababu ya kipaji chake cha kuzungumza na familia. Shingoni alivaa nishani mpya ya Mtetezi wa Ukungu, daraja la kwanza.

Nyumba nyingine zilikuwa zimeshaanza kufunga vyombo. Kwa Bi Ngabagila moshi ulikuwa unafuka kama kawaida. Alikuwa amekaa mlangoni, na kando yake kikapu cha mbegu, machipukizi yamekuwa marefu kiasi cha kuning'inia nje. Hakuwa amepanda hata kiazi kimoja. Alikuwa anayavunja yale machipukizi, moja baada ya jingine, na kuyatupa uani.

"Shikamoo shangazi," alisema Ezekia.

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Serikali, shangazi."

"Na nyuma yako amekaa nani?"

Ezekia aligeuka kutazama. Nyuma yake alikuwa Dokta Temaleki.

"Mama," alisema Dokta Temaleki, "sheria inasema hatumhamishi mtu kwa nguvu. Mheshimiwa amekuja kupokea ridhaa yako kwa niaba yako."

Bi Ngabagila alimgeukia mtoto aliyemlea. "Ezekia, mwanangu. Unataka nihame hapa?"

Alisimama pale na nishani yake. Hakusema Ndiyo. Naapa hakusema, na tulikuwa wengi uani tuliomsikiliza kwa pumzi zilizokatika. Alikaa kimya, muda mrefu, na mimi nilimchukia na kumhurumia kwa pamoja. Kwa dakika ile nilidhani mlima umepona.

"Kimya," alisema Dokta Temaleki akiwaashiria vijana, "kwa mujibu wa kanuni, ni Ndiyo ya unyenyekevu."

Waliingia ndani. Ezekia aliwazuia wasiguse godoro la shangazi yake, akalibeba mwenyewe kichwani. Alilibeba vizuri, bila kuliburuta kwenye tope. Alipopita nyuma ya nyumba, penye makaburi, alisimama, nasi tukasimama. Kisha akaliweka sawa kichwani, akaendelea kushuka.

Kwenye lori walimpa shangazi nafasi ya mbele, karibu na dereva, kama heshima kwa mama aliyemlea Mheshimiwa. Alipanda kwa shida kwa sababu ya ule mguu. Ezekia alimsaidia, akamfungia mlango, akabaki ameshika kioo. Tulikuwa tumeshapanda nyuma, tumekaa juu ya vyombo, kila mtu anasogeasogea hapati pa kukaa.

"Kule Bonde la Magadi," shangazi alimuuliza kwa sauti ya kawaida, "utakuja kuniona?"

Dokta Temaleki alikuwa ameshaanza kutabasamu, kwa sababu hata yeye alilijua jibu. Sisi wote tulilijua. Tulikuwa tumelichinjia mbuzi miaka yote.

Ezekia alimtazama shangazi yake, akatazama lori, akatazama kule juu ambako ukungu ulikuwa umeshaifunika nyumba.

"Siyo," alisema.

Neno lilitoka zima, wazi, bila kikohozi. Dokta Temaleki alianza kupapasa mifuko akitafuta kanuni. Bi Ngabagila alikaa akimwangalia kijana aliyemlea, akamwangalia sana.

"Kumbe unaliweza," alisema, na akamwambia dereva awashe gari.